Shali ya Matundu

Jumamosi, 4 Oktoba

Ukungu haukuondoka asubuhi yote. Mlima wa mbele haukuwepo. Mikaratusi ilibaki vichwa tu, inaelea. Nimekaa dirishani na karatasi ya Madame Ngalula magotini, na sijaelewa kitu.

Madame Ngalula anatufundisha hesabu. Ni mtu wa Kasai, Serikali ilimtuma huku Butembo. Wakati wa mapumziko anakaa kwenye ngazi za darasa na kufuma, bila kutazama vidole. Wiki nzima nimesimama karibu naye kimya. Jana aliniuliza:

– Weye njo sentinelle yangu, mlinzi wangu?

Nikasema hapana, Madame. Nikasema nataka kujua matundu ya kazi yake yanatoka wapi.

Alicheka. Kisha akachomoa kutoka mkobani ukurasa wa gazeti la zamani la Kifaransa. Juu kuna picha: mtoto mchanga amelala ndani ya shali nyeupe, shali yote majani, na majani yote yamefanywa kwa matundu. Chini kuna mchoro. Vyumba vidogo kama daftari la hesabu. Vingine vitupu. Vingine vina duara. Vingine vina kistari kilichoinama, huku au huku. Hakuna sentensi hata moja. Na mimi husoma hata maandishi ya mfuko wa chumvi.

Nitaifuma hiyo shali. Ni ya mtoto wa Élodie.

Hapa naweza kuandika jina lake. Mezani hatulitaji. Dada yangu yuko Beni, katika commune ya Ruwenzori, na mimba yake imefika mwezi wa nane. Anaishi na Jordy, ambaye anafanya kazi katika bureau fulani ya Serikali, naye pia ni mtu wa Kasai. Jordy alikuja kwetu mara moja. Peke yake, na chupa za jus, na Kifaransa kingi. Bila wajomba, bila mbuzi. Papa alimsikiliza mpaka mwisho, akampa chai, akamwambia: rudi na watu wako. Watu wake wako mbali sana, barabara hakuna, ndege ni ya matajiri. Hakurudi. Élodie ndiye aliyemfuata, na mfuko mmoja. Tangu siku hiyo Papa hajaongea naye.

Katika nyumba yetu nguo ya kwanza ya mtoto inatoka mikononi mwa Koko, mama ya Papa. Amewafumia wajukuu wote. Shali nene, ya kijivu. Mtoto akishafungwa ndani yake, Papa anataja jina lake katika maombi ya jioni, na basi, huyo ni mtoto wa nyumba. Kwa mtoto wa Élodie hakuna aliyemwomba Koko kitu. Yeye mwenyewe hasemi. Papa pia hasemi.

Nimewaambia ni kazi ya mikono ya shule, shali ya mtoto. Mama alinitazama kidogo zaidi ya kawaida, halafu akaenda kutafuta uzi.

Jumanne, 7 Oktoba

Uzi ni sweta. Mama aliinunua katika mitumba, rangi ya maziwa yaliyokaa, imetoboka viwiko. Tumeifumua jioni mbili. Uzi wa sweta iliyofumuliwa unatoka umejikunja kama nywele zilizosukwa muda mrefu. Koko alionyesha namna: kuuosha, kuutundika, kufunga jiwe chini ili unyooke. Koko alikuja kutoka Luofu wakati watu wote walipokimbia vita, na katika furushi lake sindano za kufuma zilikuwa juu ya sufuria. Amenipa mbili. Ni laini kama mfupa.

Nimefuma mistari ya kwanza ya majani. Si majani. Ni kama mvua iliyoanguka vibaya.

Nilimpelekea Madame Ngalula wakati wa mapumziko. Aligeuza kazi, akaigeuza tena.

– Ma fille, ulianza wapi?

– Juu, Madame. Kushoto.

– Sawa kitabu.

– Ndiyo, Madame.

– Donc unasoma mchoro sawa roman, sawa kitabu cha hadithi!

Akacheka mpaka macho yakatoa machozi, lakini si kwa ubaya. Akaweka kidole chini kabisa, upande wa kuume. Hapa njo mwanzo, alisema. Unapanda. Unaenda kuelekea kushoto. Ukigeuza kazi, mustari wa kurudi hapana andikwa, unaufuma tu, bila kufikiri. Mutu anajenga nyumba, anaanza na msingi, hapana na mabati.

Nilikaa na aibu nzuri. Miaka yote macho yangu yamejua njia moja tu ya kutembea juu ya karatasi.

Victoire wa darasa letu alipita na kusema kwa sauti ya wote: tazameni, Kaswera anafuma wavu, anataka kuvua samaki wa mto Kimemi. Wakacheka. Sikujibu. Jibu lilikuja nilipofika nyumbani. Majibu yangu yote yanachelewa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sasa naona. Duara ni tundu: unazungusha uzi juu ya sindano, na mahali pasipokuwa na kitu panazaliwa mshono. Kistari kilichoinama ni mishono miwili inayoshikana kuwa mmoja. Kila tundu lina mwenzake mahali fulani, wawili waliokubali kuwa mmoja ili lipate nafasi. Ndiyo maana shali haipanuki wala haipungui. Madame anasema ni équation tu, mlinganyo wa hesabu. Mimi naona kitu kingine lakini sijui kukisema.

Leo darasani nilifumba macho na mchoro ulikuwepo, ndani ya kope. Vyumba vitupu vilikuwa mashamba, kama yanavyoonekana kutoka kilima cha kanisa. Maduara yalikuwa visima. Nilitembea humo kutoka chini kwenda juu. Mwalimu wa Kifaransa aliuliza swali na nikasikia jina langu likitoka mbali sana. Nikasimama. Sikujua swali. Nikasema: kuume, Monsieur. Hata yeye alicheka.

Jani la kwanza limekamilika. Jani moja. Nimelitazama mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 12 Oktoba

Élodie alipiga simu baada ya kanisa. Anapiga kwa simu ya Mama kila Jumapili, na wakati mwingine katikati ya wiki. Simu ikilia na jina lake likaonekana, Papa anasimama na kwenda kutazama mbao zake nyuma ya nyumba. Anauza mbao. Jumapili hakuna mteja, lakini anazipanga upya. Tunazisikia: ko, ko, ko.

Kila mara Élodie anauliza, Papa iko? Kila mara Mama anajibu, ametoka kidogo. Na si uongo.

Leo alisema joto la Beni limemshinda, analala chini juu ya sementi kama mbuzi. Miguu imevimba. Jordy anampepea na dossier, mafaili ya bureau. Alisema pia kwamba alfajiri moja, mvua ilipokuwa imesafisha anga, aliona milima ya Ruwenzori na kitu cheupe juu. Alidhani ni wingu. Jirani akamwambia hapana, njo theluji ile. Akabaki amesimama na ndoo.

Nilimwambia niko na kazi ya shule. Sikumwambia ni kazi gani. Nimewahi kufika Beni mara moja tu, nilikuwa mdogo. Nakumbuka kakao zimeanikwa kando ya njia na harufu yake chungu-tamu, na shingo yangu yenye jasho ndani ya sweta ya Butembo. Shali ya kijivu ya Koko ingemchemsha mtoto. Matundu, hewa inapita. Hiyo ndiyo sababu yangu, mbali na uzuri.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sijui niandike namna gani.

Nilirudi shuleni. Koko alikuwa amekaa penye jua kidogo la mlangoni, kazi yangu magotini mwake, na sindano ya kushonea mdomoni. Macho yake yana ukungu wao, anashona kwa kidole. Alifurahi kuniona.

– Kaswera, mutoto wangu, kazi yako ilikuwa na matundu mengi. Mishono ilikuwa inakukimbia. Usiogope, nilikutengenezea.

Ameyaziba yote. Karibu yote. Mstari wa juu alikuwa bado.

Lazima niseme ukweli: ameyaziba vizuri sana. Alichukua uzi uleule, akauzungusha ndani ya kila tundu, akavuta kidogo, akaficha ncha. Huwezi kujua palikuwa na kitu. Majani yamekwenda. Imebaki nguo safi, nene, ya kweli, kama sweta za wanafunzi alizokuwa anafuma Luofu na kuuza sokoni Kayna. Pale, tundu moja katika sweta ya mtoto lilikuwa aibu ya mwezi mzima.

– Ile masiku, alisema, batu balikuwa banasema Kahongya hapana acha tundu.

Kahongya ni jina lake. Nikasema asante, Koko. Ni neno lililokuwa karibu.

Kisha nikaenda nyuma, kati ya mbao za Papa zinazonuka utomvu, na kulia kidogo. Si kwa hasira. Niliwaza vidole vyake vikitafuta matundu yangu moja moja, siku nzima, akinihurumia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Madame Ngalula aliweka kazi kwenye jua, akatazama kwa muda mrefu.

– Tangu nizaliwe sijaona mutu ametengeneza dentelle, nguo ya matundu, namna hii. Huyu mama ni bingwa.

Halafu akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema nilishindwa. Akasema: mais Kaswera, una kinywa. Nikasema ndiyo, Madame.

Amenipa mkasi mdogo wa kucha. Tumekaa kwenye ngazi, yeye upande mmoja, mimi mwingine, tukikata uzi wa Koko bila kugusa uzi wangu. Tundu linafunguka polepole, kama jicho la mtu aliyelala mchana. Kengele ililia tumefungua nusu.

Madame pia ni mtu aliyekuja kutoka mbali bila wajomba. Papa anamsalimia kwa kofia mkononi. Nimewaza hilo njiani, nikapita nyumba yetu, nikageuka.

Jumanne, 21 Oktoba

Ameyaziba tena.

Nilikuwa nimeficha kazi ndani ya mkoba, chini ya vitabu. Koko alikuwa anatafuta sindano yake. Hii mara ya pili hakufurahi. Alinishika mkono na kusema kwa sauti ya chini, ili Mama asisikie, kwamba hata wajinga wanajifunza, kwamba nisivunjike moyo, kwamba mama yake mwenyewe alimpiga vidole na mwiko mpaka akajua. Aliniuliza kama kule shuleni wananicheka. Nikasema ndiyo, kwa sababu ilikuwa kweli.

– Bawache. Tutafanya sisi wawili. Weye fuma, miye nitakuwa naziba.

Nikasema asante tena. Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini nikisema ni mapambo, atauliza mapambo ya nini katika nguo ya baridi. Nikisema si ya baridi, atauliza basi ni ya wapi. Na kila jibu linaelekea Beni. Papa alikuwa chumba cha pili anasoma Biblia, na ukuta wetu ni wa mbao.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimesema.

Baada ya kanisa jua lilitoka kweli, lile la Butembo ambalo linachoma bila kupasha joto. Papa alikuwa ameketi penye mlango, anavua viatu vya ushemasi. Mama alikuwa jikoni. Koko alikuwa kwenye kiti chake, amegeukia ukuta wa chokaa, anasubiri chakula. Nilikuwa nimefungua tena matundu yote kwa mkasi wa Madame, siku nne kwa siri, na kuongeza majani mapya mpaka shali ikafika upana wa mikono yangu.

Nilisimama dirishani na kuinyoosha kwenye jua, sijui kwa nini, nilitaka tu kuiona. Na Koko akasema:

– Nini ile kwa ukuta?

Nikageuka. Ukutani, mbele yake, kulikuwa na majani. Makubwa, ya mwanga, yamepangwa moja juu ya jingine. Koko ambaye hatambui uso wangu mpaka niongee, aliyaona. Alinyoosha mkono na kugusa chokaa. Jani likapanda juu ya vidole vyake.

– Ni majani, alisema.

– Ndiyo, Koko.

– Inatoka kwa ile kazi?

– Kwa matundu yake, Koko.

Niliona anahesabu nyuma, siku zote alizokaa mlangoni na sindano. Midomo ilicheza. Nilidhani atalia. Akacheka, kicheko kikavu kama maganda ya maharagwe.

– Na weye unasema asante! Mara mbili unaniambia asante!

Mama alitoka jikoni na mwiko. Koko akamwambia, tazama mutoto wako, ananiacha nizibe majani. Walicheka wote wawili. Hata mimi. Kisha Koko akajifuta macho na kuuliza lile swali.

– Lakini mutoto atalala namna gani ndani ya matundu? Baridi itamuua.

Mama akaacha kucheka. Mimi nilikuwa bado nimenyanyua mikono. Nikasema kuelekea dirishani, si kuelekea watu:

– Beni kuna joto, Koko.

Nilisikia kiatu cha Papa kimewekwa chini, kisha cha pili.

Mezani Koko alimwuliza Papa waziwazi, kama mtu anayeomba chumvi:

– Mbusa, mutoto wa Élodie batamufunga na nini?

– Mama, tule kwanza.

– Kinywa yangu njo inakula. Masikio yako haiko na kazi.

Papa aliweka uma. Hakupandisha sauti, hapandishi kamwe. Alisema yule kijana aliambiwa kitu kimoja tu, kitu kidogo, kuja na watu. Alisema shali ikitoka, jina linafuata, na yeye hawezi kuita jina la mtoto mbele ya Mungu wakati hajui hata babu yake anaitwa nani.

– Hakuna kitu itatoka humu kuenda Beni.

Akasimama. Ko, ko, ko, nyuma ya nyumba.

Jumatatu, 27 Oktoba

Sikufuma leo. Nilibeba kazi shuleni na kuirudisha. Mvua tangu adhuhuri. Barabara yote ni chokoleti.

Niliota usiku uliopita kwamba nasoma mchoro, na mstari wa kurudi, ule usioandikwa, ulikuwa umeandikwa. Kwa mwandiko wa Papa. Niliamka kabla ya kuusoma.

Alhamisi, 30 Oktoba

Koko ameomba kazi. Nilimpa kwa woga. Alipitisha kidole gumba pembeni, kote, taratibu.

– Hii haiko na mupaka. Itajikunja sawa jani kavu.

Ni kweli, pembe zilikuwa zimeanza kujikunja. Mchoro hauonyeshi ukingo, ukurasa ulichanika pale. Koko anajua ukingo bila mchoro: mistari ya kwenda na kurudi, yote ya namna moja, migumu, inakaa sawa juu ya meza. Akachukua sindano zake na kuanza.

Nikamwambia, Koko, ukiweka mkono wako humu, inakuwa ile shali. Ya nyumba.

– Najua kazi yangu.

– Na Papa?

– Papa yako alisema hapana kitu itatoka. Hakusema hapana kitu itafumwa.

Tumekaa hivyo jioni nzima. Yeye anahesabu kwa Kinande, mimi kwa Kifaransa, tunapotezana hesabu. Papa aliingia, akaona mikono ya mama yake, akatoka. Baadaye nilimwona amesimama uani mvuani, si chini ya mabati, pembeni kidogo ya mabati, kama mtu aliyesahau.

Uzi hautatosha. Mama ameahidi kutazama tena katika mitumba.

Jumapili, 2 Novemba

Msichana.

Jordy ndiye aliyempigia Mama, asubuhi, kabla ya kanisa. Alisema wote wazima. Alisema "wetu" mara nyingi. Mama alikaa kitandani na simu kifuani, kisha akavaa kitambaa chake cha kanisa kinyume.

Alimwambia Papa akiwa amesimama. Papa akauliza: na Élodie? Mama akasema mzima. Papa akasema, tumshukuru Mungu. Akachukua Biblia, tukaenda.

Jioni aliomba kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya waliokimbia Luofu na Kayna, kwa ajili ya barabara, kwa ajili ya mitihani yangu. Nilisubiri mtoto atajwe, macho nimefumba. Amina ikafika.

Mama hawezi kwenda kuwaona. Kufika kwa mzazi mikono mitupu, majirani wa Beni wanatazama, ni kumwambia mtoto mbele ya watu kwamba hana kwao. Hivyo anakaa na analia ndani ya vitunguu, hata siku ambayo mchuzi hauna vitunguu. Ukingo wa shali bado upande mmoja.

Jumatano, 5 Novemba

Naandika upesi, karibu na pazia.

Mama yuko kwenye kwaya. Koko amekwenda kwa jirani kuomba na mgonjwa. Sweta ya pili imepatikana, karibu rangi ileile, tumeifumua, tumeiosha, na leo uzi ulikuwa mkavu. Unakauka ukiwa duara kubwa, na lazima uuzungushe uwe mpira kabla ya kufuma. Niliuvalisha migongoni mwa viti viwili. Viti vyetu vimelegea. Kila nikivuta, vinakaribiana, uzi unaanguka, unashikana. Nilikuwa chini nafungua fundo wakati Papa alipoingia, na vumbi la mbao kwenye nyusi.

Alitazama. Papa hawezi kutazama kazi inayofanywa vibaya, hata kazi asiyoitaka. Alisogeza kiti kimoja kwa mguu, akaketi kwenye kile kingine, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake.

– Leta. Na ufanye mbio.

Nikamvalisha uzi kwenye vifundo vya mikono. Mikono ya Papa ni mikubwa, ina michirizi ya utomvu, na uzi ulikaa pale bila kusogea. Nikaanza kuzungusha. Alijua kazi! Uzi ukitoka kushoto anainamisha kushoto, ukitoka kuume anainamisha kuume, polepole, kama mtu anayeendesha gari katika ndoto. Nikawaza, Koko alimshikisha uzi alipokuwa mdogo, Luofu. Sikuuliza. Nje ukungu ulikuwa unashuka. Kulikuwa na kimya cha sufu. Nilitamani uzi usiishe.

Simu ya Mama ililia. Ilikuwa mezani, kwenye chaji, kati yetu. Élodie.

Papa aliitazama. Niliona mabega yake yanaanza kusimama, kama siku zote, na mikono ikabaki. Angeweza kuutupa uzi. Ni kutikisa mara moja tu. Uzi ungekuwa fundo la wiki nzima, lakini angeweza.

Mimi pia mikono ilijaa. Nikabonyeza kwa kidole kidogo, na sauti ikatoka kwa wote.

– Mama? Mama, uko?

– Ni mimi. Mama yuko kwenye kwaya.

– Ah, Kaswera. Unaendelea? Koko je?

Alisema maziwa yameshuka, alisema Jordy hajui kufunga nepi, anafunga kama barua ya posta. Alicheka kidogo. Nyuma yake kulikuwa na sauti nyembamba, kama mlango mdogo sana unaofunguliwa. Halafu akauliza, kama kila mara, bila kusubiri kitu:

– Papa iko?

Nimesema hapa kwamba majibu yangu yanachelewa. Hili halikuchelewa. Papa alikuwa ananitazama na sikumtazama. Nikatazama uzi.

– Yuko hapa. Ameshika uzi. Anasikia.

Ile sauti nyembamba ikaanza tena, ikapanda, ikawa kilio kamili. Kilio kikubwa, cha mtu mwenye haki zake. Kilijaza nyumba. Papa alikuwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza injini ya msumeno ikiwa na ugonjwa.

Kisha akasema, si kwangu, si kwa simu, mbele yake tu:

– Njo yeye analia?

– Njo yeye, Papa, alisema Élodie. Sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

– Ananyonya?

– Ananyonya.

– Muzuri?

– Muzuri, Papa. Usiku ndiyo anasumbua.

Papa alikohoa. Mikono ilikuwa bado hewani, uzi unaning'inia katikati kama daraja la kamba. Akanitazama na kuniambia niende kusoma masomo yangu. Nikasema, Papa, uzi bado. Akasema: nenda.

Niliweka mpira magotini mwake, uzi bado umetufunga yeye na mpira, nikaingia nyuma ya pazia.

Hapa sisikii maneno yote. Sauti yake ni ya chini. Sauti ya Élodie inakuja na kukatika. Ameuliza kitu kuhusu yule babu, baba ya Jordy, nimesikia "anaitwa nani" na jina refu la Kasai, na Papa amelirudia, amekosea, Élodie amelisahihisha, amelirudia tena. Kisha Papa amesema, yule kijana bado iko huko? Na Jordy, nadhani ni Jordy, ameanza kuongea Kifaransa kingi, na Papa amesema, polepole, kijana, polepole.

Lango limelia. Ni Mama, natambua viatu vyake, anaimba sehemu yake ya alto kwa pua. Nitoke nimwambie asiingie kwanza. Mwanga unapungua, na hakuna aliyewasha taa kule ndani. Nimetazama kwenye upenyo wa pazia. Ameketi palepale, simu inaongea mbele yake, mikono amenyoosha. Bado hajaniita nimfungue.